Uchambuzi wa kisa: santuri za Cajun na zydeco kwenye stoo ya duka la fanicha

Kisa chenyewe

Mambo haya yalitokea kusini-magharibi mwa jimbo la Louisiana, Marekani, katika mji mdogo wa mashamba ya mpunga kati ya Lake Charles na Lafayette. Wahusika wakuu ni wawili. Wa kwanza ni mkusanyaji wa santuri, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Houston. Wa pili ni mama mwenye duka la fanicha za mitumba, ambaye yeye na kaka zake wawili waliachiwa na baba yao masanduku ya santuri. Majina na jina la mji nimeyaondoa, na bei nimezisogeza kidogo ili watu wasitambulike. Mfuatano wa mambo nimeuacha ulivyokuwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mkusanyaji alifanya jambo moja la busara sana mapema, akapata alichokuwa akikitafuta, halafu nusu yake ikamponyoka kwa mambo ambayo hayahusiani kabisa na ujuzi wa muziki.

Usuli: muziki uliouzwa na sonara, fundi televisheni na mwenye duka la fanicha

Wacajun ni wazao wa Wafaransa wa Acadia, waliofukuzwa na Waingereza kuanzia mwaka 1755 kutoka eneo ambalo leo ni Nova Scotia, Kanada. Maelfu kati yao waliishia Louisiana. Muziki wao ni wa fidla, akodiani ndogo ya vitufe na chuma cha pembetatu. Majirani zao, Wakrioli weusi wanaozungumza Kifaransa, walipiga akodiani hiyohiyo kwa mapigo yao, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaichanganya na blues ikazaliwa zydeco, pamoja na bati la kukwaruza linalovaliwa kifuani. Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, na Dennis McGee, mpiga fidla mzungu, walirekodi pamoja mwaka 1929. Anayejaribu kuchora mstari mnene kati ya muziki hizi mbili anajichosha bure.

Kinachomhusu mtafutaji wa santuri ni namna zilivyouzwa. Santuri ya kwanza ya Cajun ilirekodiwa New Orleans mwezi Aprili 1928 na Joe Falcon pamoja na Cléoma Breaux, kwa kampuni ya Columbia. (Mwaka huohuo Siti binti Saad alikuwa Bombay akirekodi santuri zake za kwanza.) Husimuliwa kwamba aliyewashawishi mabwana wa Columbia kuwasikiliza wawili hao alikuwa mwenye duka la vito wa mji wa Rayne, aliyeahidi kununua mzigo mkubwa wa nakala ili aziuze mwenyewe. Yaani tangu siku ya kwanza santuri hizi zilipita mikononi mwa watu ambao kazi yao halisi ilikuwa kuuza vitu vingine.

Vita vilipofika mambo yakabana. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilidhibiti matumizi ya shelaki, utomvu wa wadudu unaotoka India na uliotumika kutengeneza santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na mwaka huohuo chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi. Vita vilipokwisha, kampuni kubwa hazikuwa na hamu tena na nyimbo za Kifaransa za Louisiana. Pengo likazibwa na wenyeji. J. D. Miller wa Crowley, mwenye duka la muziki, alianzisha lebo, yaani chapa ya kutolea santuri, ya Fais Do-Do mwaka 1946, kisha Feature. Lake Charles kulikuwa na Eddie Shuler wa Goldband na Folk-Star, ambaye pia alikuwa na biashara ya kutengeneza televisheni, na George Khoury aliyekuwa na duka la santuri na lebo ya jina lake. Ville Platte, Floyd Soileau alifungua duka mwaka 1956 na baadaye akawa na lebo za Swallow, Jin na Maison de Soul. La Louisianne ilianza Lafayette mwaka 1959, Lanor ikaanza Church Point mwaka 1960. Wengi wao walirekodi nyuma ya duka na kuuza mbele ya duka.

Mteja mkubwa wa watu hawa hakuwa mtu wa kawaida mwenye gramafoni sebuleni. Alikuwa mfanyabiashara wa mashine za muziki za kutumbukiza sarafu, aliyeziweka kwenye kumbi za dansi, baa na vituo vya mafuta, akazunguka kila wiki kukusanya sarafu na kubadilisha santuri. Nakala zilizochoka alizitupa, akaziuza kwa senti chache, au akazirundika stoo.

Jambo jingine la kulijua kabla ya kutoka nyumbani ni kipi kinaweza kupatikana na kipi hakipo. Santuri za mizunguko 78 za zydeco ni chache mno, kwa sababu wakati muziki huo unaanza kurekodiwa, santuri hizo zilikuwa zinaondoka sokoni. Boozoo Chavis alitoa ya kwanza mwaka 1954 kupitia Folk-Star. Clifton Chenier, mzaliwa wa Opelousas, naye alianza kurekodi mwaka huohuo Lake Charles, akaenda lebo ya Specialty mwaka 1955, kisha akafanya kazi kubwa na lebo ya Arhoolie kuanzia miaka ya 1960. Kwa hiyo anayetafuta zydeco ya zamani anatafuta hasa santuri ndogo za mizunguko 45 na zile ndefu. Anayetafuta Cajun ya shelaki ana uwanja mpana zaidi, ila kila kilichomo ndani yake kilichezwa mpaka kikachakaa.

Alichokuwa akikitafuta

Mkusanyaji wetu ana taarabu na rumba nyingi za santuri nyumbani, kwa hiyo hakuwa mgeni wa kazi hii. Alitaka santuri za lebo ndogo za Louisiana za kati ya mwaka 1946 na 1965. Zile za 1928 mpaka 1934 hakuzifikiria, maana bei zake si za mtu wa mshahara. Alitenga dola 600, mafuta ya gari yakiwa kando, na akajiwekea sharti kwamba hatanunua kwa mnada wala kwa posta. Alitaka kuzikuta mahali zilipotumika. Sharti hili wenzake walilicheka. Kwa maoni yangu lilikuwa na faida moja kubwa: lilimlazimisha kuongea na watu.

Mfuatano wa mambo

*Safari ya kwanza.* Alishika barabara kuu ya I-10 kutoka Houston kuelekea mashariki, akapitia Beaumont na Lake Charles mpaka Lafayette, mwendo wa kama kilomita 350. Alisimama kwenye kila duka lenye kibao cha santuri au cha vitu vya kale. Kwenye maduka ya santuri alikuta bei zimeshapangwa kwa kufuata minada ya intaneti, na vilivyobaki kwenye rafu vilikuwa santuri ndefu za matoleo ya marudio. Kwenye maduka ya vitu vya kale alikuta nyimbo za Krismasi, za injili na za country za Nashville, rundo kwa rundo. Kila alipouliza kama wana "santuri za zamani za Cajun", alielekezwa kwenye kikapu cha CD za watalii karibu na mlango, pembeni ya chupa za pilipili.

Alinunua santuri chache za Swallow za mizunguko 45 zilizoonekana mpya kabisa, kwa dola 12 kila moja. Alipofika nyumbani akazichunguza na kugundua ni mpya kweli. Soileau aliendelea kuchapisha upya nyimbo zake zilizopendwa kwa miongo mingi, na katika miaka ya 1970 akawa na kiwanda chake mwenyewe cha kuchapisha santuri hapo hapo Ville Platte, kwa hiyo namba ya toleo la miaka ya 1960 inaweza kuwa kwenye santuri iliyotoka kiwandani miaka mingi baadaye. Mbili kati ya hizo pia zilipinda, maana aliziacha kwenye buti ya gari mchana wa Julai huku akila chakula cha mchana.

*Swali linabadilika.* Safari ya pili aliacha barabara kuu. Asubuhi alikaa kwenye kituo cha mafuta kinachouza *boudin*, soseji ya wali na nyama ambayo watu wa huko hula wakiwa wamesimama, akaanza mazungumzo na wazee waliokuwa wakinywa kahawa. Safari hii hakutaja santuri kabisa. Aliwauliza: "Zamani, mashine za muziki kwenye kumbi za dansi za huku alikuwa anaziweka nani?"

Wazee walibishana kidogo, wakataja kumbi zilizokwisha kuungua au kugeuzwa maghala, kisha wakakubaliana jina moja. Mtu huyo alishafariki. Binti yake, walisema, ana duka la fanicha zilizotumika mji wa pili, njia ya kwenda kwenye kinu cha mpunga.

Nilimuuliza swali hilo alilitoa wapi. Alisema Mombasa. Kule, duka la Assanand & Sons lilikuwa linauza santuri na kuzitoa lenyewe kwa lebo ya Mzuri, lakini ukitaka kujua zilikokwenda baada ya kuuzwa, ulikuwa unauliza wenye mikahawa na hoteli za chai, maana gramafoni ya kuchezea watu wengi ilikuwa huko. Alichofanya Louisiana ni kufuata njia ya bidhaa ileile kutoka mwisho wake.

*Stoo.* Mama mwenye duka alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mchangamfu, na hakushangaa alipoulizwa. Alimwambia masanduku yapo na hajui ayafanye nini. Stoo ilikuwa nyuma, paa la bati, sakafu ya zege, hakuna feni. Masanduku yalikuwa matano. Mawili ya chini yalikuwa na mstari wa tope kavu ubavuni, alama ya maji yaliyoingia wakati wa kimbunga. Karatasi za kufungia santuri zilikuwa zimegandamana na kuota kuvu. Matatu ya juu yalikuwa makavu. Ndani yake kulikuwa na santuri za mizunguko 45, nyingi bila jaketi, na rundo la mizunguko 78 lililofungwa kwa kamba ya katani.

Kwenye vifuniko vya masanduku yale matatu kulikuwa kumebandikwa vikaratasi vyembamba vilivyopigwa chapa, vile vinavyowekwa kwenye kioo cha mashine kuonyesha jina la wimbo na kitufe cha kubonyeza. Pembeni ya baadhi yake kulikuwa na majina ya kumbi yaliyoandikwa kwa penseli. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Mama akasema kulikuwa na sanduku la sita, la shelaki tupu, akalitupa mwaka uliopita. Alikuwa amezijaribu kwenye kimashine cha siku hizi cha mfano wa sanduku la safari, akasikia kelele kama mafuta yanayokaangwa, akaamua zimeharibika.

Mkusanyaji aliguna moyoni, lakini alielewa tatizo. Mifereji ya sauti ya santuri za shelaki ni mipana, inataka sindano yenye ncha ya kama maikroni 75. Sindano ya santuri za kawaida za vinili, yaani za plastiki, ina ncha nyembamba, maikroni 25 au chini ya hapo, inazama mpaka chini ya mfereji kwenye vumbi na inakwaruzana na takataka badala ya kugusa kuta zenye muziki. Santuri nzima kabisa inaweza kusikika kama imekufa.

Alikuwa na gramafoni yake ya kubebeka garini, yenye sindano sahihi. Akafungua kamba, akachagua santuri moja ya Khoury's. Kwanza aliielekeza kwenye mwanga wa mlango na kuigeuza polepole. Sehemu za nje zilikuwa zimepauka kijivu, ishara ya sindano nzito za chuma zilizokula ukuta wa mfereji, lakini kuelekea katikati weusi ulikuwa bado unang'aa. Akaifuta kwa kitambaa chenye maji yaliyochujwa na tone la sabuni, bila spiriti, maana spiriti huyeyusha shelaki, akaiweka.

Akodiani ikatoka, na sauti ya mtu anayelia kwa wimbo. Mama akasimama na ufagio mkononi. Aliujua ule waltz. Akatoa simu akampigia kaka yake, akamshikia simu karibu na spika, na wote wawili wakasikiliza mpaka mwisho wa upande ule.

*Bei, na kusimama kwa biashara.* Kabla ya kucheza ile santuri, mama alikuwa ametaja dola 400 kwa vyote, "uondoe tu". Baada ya simu akasema asubiri, wazungumze kama ndugu. Siku tatu baadaye bei ikawa dola 900, na kaka mdogo akasema yeye hakubali kuuza chochote mpaka ajue kuna nini.

Sheria ilikuwa upande wa kaka. Louisiana ina mfumo wa sheria za kiraia uliotokana na Wafaransa na Wahispania, tofauti na majimbo mengine ya Marekani, na mali ya urithi ambayo haijagawanywa ni ya warithi wote kwa pamoja. Mmoja hawezi kuiuza yote bila ridhaa ya wenzake. Mama hakuwa na nia mbaya. Masanduku yalikuwa stoo kwake na hakuna aliyewahi kuyaulizia.

Wakati wakisubiri, mkusanyaji aliomba ruhusa kuyapanga na kuyaorodhesha bila malipo. Kazi hiyo ilizaa mambo mawili. La kwanza, alikuta diski nne za alumini zilizopakwa lakeri nyeusi (aina ya vanishi), zenye mwandiko wa marehemu kwenye karatasi ya katikati: tarehe, jina la ukumbi, na neno "redio". Diski za namna hii zilichongwa moja moja. Hakuna nakala nyingine. Mbili zilikuwa zimeanza kutoa unga mweupe wa mafuta juu yake, dalili kwamba lakeri inaoza. Hakuzicheza.

La pili, kwenye sanduku moja alikuta santuri sita za Reb Rebel, lebo ya miaka ya 1960 ya huyuhuyu J. D. Miller, zenye nyimbo za kuwatukana watu weusi. Miller yule yule aliwarekodi wanamuziki weusi wa blues Slim Harpo, Lightnin' Slim na Lazy Lester. Mkusanyaji ni mtu mweusi. Mama aliona haya, akasema, "Hizo tupa." Mkusanyaji akaziweka pembeni, hakuzitupa.

*Mnunuzi wa pili.* Kaka mdogo aliwatumia watu picha za karatasi za katikati. Haikupita wiki akatokea mfanyabiashara wa santuri kutoka jimbo jingine akitaka santuri kumi tu, alizozichagua kwenye picha, kwa dola 1,000 taslimu. Mkusanyaji alitoa ofa ya dola 600 kwa vyote vilivyobaki makavu, pamoja na ahadi ya kuwapa kila ndugu nakala za kidijitali za nyimbo zote, na akapendekeza diski za lakeri ziende kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu.

Ndugu waligawanyika, kisha wakapatana: kumi zikaenda kwa mfanyabiashara, lakeri zikaenda chuoni, na zilizobaki akapewa mkusanyaji kwa dola 450.

Maamuzi matatu na sababu zake

*Kucheza santuri mbele ya mwenye mali.* Wakusanyaji wengi wangemlaumu. Angenyamaza angelipa dola 400 na kuondoka na kila kitu. Yeye anasema alifanya vile kwa sababu mama alikuwa karibu kutupa na masanduku mengine, na kwamba hakujisikia vizuri kununua mali ya mtu anayedhani ni takataka. Nadhani kulikuwa na sababu ya tatu, rahisi zaidi: alitaka kuisikia.

*Kusema ukweli kuhusu diski za lakeri.* Hapa hakusita. Diski ya aina hii haina bei sokoni inayolingana na thamani yake kwa familia, na kila inapochezwa na sindano nzito inapoteza sehemu ya sauti isiyorudi. Inahitaji mtu mwenye vifaa vya kuinukuu, yaani kuihamishia sauti yake kwenye nakala ya kidijitali, mara moja, vizuri. Mkoa ule una bahati ya kuwa na mahali pa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Louisiana huko Lafayette kimekuwa na hifadhi ya muziki na masimulizi ya Cajun na Krioli tangu mwaka 1974.

*Kutotupa wala kuuza zile sita za matusi.* Alijua zina wanunuzi, na alijua ni wanunuzi wa aina gani. Alizipeleka chuoni pamoja na lakeri, akiwaeleza zilitoka sanduku lipi. Hoja yake ilikuwa kwamba masanduku ya mtu wa mashine za sarafu yanaonyesha watu wa mahali fulani walilipia kusikia nini, na hilo ni pamoja na yale wasiyotaka kuyakumbuka. Nakubaliana naye, ingawa najua wenzangu ambao wangezivunja palepale na nisingewashika mkono.

Matokeo

Mkusanyaji alipata santuri za mizunguko 45 zipatazo 260, zaidi ya nusu zikiwa za kuchezeka: Swallow, Goldband, La Louisianne, Lanor, Crazy Cajun ya Houston, na rundo la Jin ambalo si Cajun wala zydeco bali pop ya vijana wa mkoa huohuo. Alipata shelaki kumi na nne, tisa zikiwa nzima. Mfanyabiashara aliondoka na Boozoo Chavis ya Folk-Star, santuri nne za Khoury's ikiwamo ile ya waltz, na nyingine za Iry LeJeune, mpiga akodiani wa Cajun. Masanduku mawili ya chini yaliishia jalalani isipokuwa santuri chache za vinili zilizooshwa zikapona. Vinili huvumilia maji na tope; karatasi za katikati na shelaki yenye ufa haziwezi.

Nakala za kidijitali alizitoa kama alivyoahidi, ila zile kumi zilikuwa zimeshakwenda kabla hajazinukuu. Familia haina wimbo uliowafanya wasikilize kwa simu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni lile swali la kituo cha mafuta. Kutafuta santuri kwa kufuata vibao vya maduka kunadhani kwamba muuzaji wa leo ndiye mrithi wa muuzaji wa jana. Louisiana sivyo. Waliouza walikuwa mafundi, masonara na wenye fanicha, walionunua kwa wingi walikuwa watu wa mashine, na vizazi vyao leo wana gereji, saluni na stoo. Ningeongeza hapo mafundi wa akodiani, watu waliokuwa na vipindi vya Kifaransa kwenye redio za Crowley, Eunice, Ville Platte na Opelousas, na nyumba zinazouza vitu vya marehemu mwishoni mwa wiki. Wazee wa huko pia huuita muziki wao "wa Kifaransa" tu, kwa hiyo anayeuliza "Cajun" anaonyeshwa rafu ya watalii.

Kubeba gramafoni yenye sindano sahihi nako kulilipa. Bila hiyo, angeweza kuzitazama santuri tu, na kutazama kunadanganya pande zote mbili: santuri iliyopauka inaweza kuwa na ukuta mzima chini kidogo ya pale sindano ya zamani ilipopita, na inayong'aa inaweza kuwa na ufa wa unywele unaogonga kila mzunguko. Kucha ikipitishwa taratibu ukingoni huushika ufa huo kabla ya jicho.

Kilichoshindwa kwanza ni kuchelewa kuuliza mali ni ya nani. Swali hilo lilipaswa kuja kabla ya bei, hata kabla ya kufungua kamba. Angewajua ndugu wote watatu siku ya kwanza, angeenda na gramafoni kwa wote watatu, na kaka mdogo asingehisi kwamba mgeni amemzunguka kupitia dada yake. Mfanyabiashara wa pili hakuja kwa bahati. Aliletwa na mtu aliyejiona ameachwa nje.

Pili, ofa yake ilipangwa vibaya. Alishindana na dola 1,000 kwa dola 600 na ahadi, wakati alichokuwa nacho ambacho mpinzani hakuwa nacho ni kunukuu. Angeomba santuri zote zinukuliwe kwanza, ziuzwe kwa yeyote baadaye, ndugu wangekubali bila shida. Mfanyabiashara alitaka vitu, hakuhitaji kuwa wa kwanza kuvisikia. Haki za kutoa nyimbo hadharani zisingebadilika kwa vyovyote. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kati ya mwaka 1947 na 1956 zinalindwa kwa miaka 110, na hili halizuii familia kuwa na nakala ya kusikiliza nyumbani.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi nikiwa nje ya kisa, ni vile vikaratasi vya kwenye vifuniko. Wakati wa kupanga, santuri zilihamishiwa kwenye masanduku mapya ya plastiki kwa kufuata lebo: Swallow na Swallow, Goldband na Goldband. Vifuniko vya zamani vikaenda na takataka za duka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ndilo lililotupwa. Santuri za Swallow zipo nyingine nyingi duniani. Orodha ya nyimbo zilizokuwa ndani ya mashine ya ukumbi fulani, zipi zilikaa kando ya zipi, ukumbi wa weupe ulicheza nini na wa weusi ulicheza nini, haikuwepo mahali pengine popote. Mpangilio wa lebo ni wa mkusanyaji. Mpangilio wa masanduku ulikuwa wa marehemu, mtu aliyejua kwa hesabu ya sarafu kila ukumbi ulipenda nini.

Alipolitambua alirudi kuuliza, lori la taka lilikuwa limeshapita. Vimebaki vikaratasi vitatu vilivyogandamana na santuri zenyewe, kimoja kikiwa na jina la ukumbi linalosomeka. Sasa hapigi hatua stoo ya mtu kabla ya kupiga picha kila sanduku lilivyo, kutoka juu, pande zote na kifuniko ndani na nje, na kila santuri anaipa namba ya sanduku na nafasi yake kwa penseli kwenye jaketi jipya. Kwenye stoo aliyokwenda baadaye upande wa Church Point, kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kupatana bei, na mwenye nyumba akaketi naye akimtajia kumbi moja baada ya nyingine.